MAGANDA YA RISASI HAYAPASUKI KWA UZEE

Askari akabidhiwapo risasi ambayo kitako chake kimepigwa chapa ya mwaka wa zamani, swali la kwanza limjialo ni hili: je, shaba ya ganda hili haijakakamaa kwa uzee, na haitapasuka siku ya kufyatuliwa? Swali hilo ni la haki. Ganda likipasuka ndani ya bunduki, gesi ya moto huvuja, na ganda lenyewe huweza kukwama wakati ambapo uhai wa askari, na wa mwananchi amlindaye, unategemea risasi inayofuata. Hata hivyo, jibu lake si lile linalodhaniwa na wengi.

Shaba ya manjano itumikayo kutengenezea maganda ni mchanganyiko wa sehemu 70 za shaba nyekundu na sehemu 30 za zinki. Madini hayo hayaongezeki ugumu kwa kukaa tu ghalani. Ugumu wake hutokana na kazi ya kiwandani, pale kikombe cha shaba kinapovutwa na kubanwa mara nyingi hadi kuwa ganda refu. Kila mvuto huongeza ugumu, na huacha mkazo uliojificha ndani ya shaba. Ndiyo sababu kiwanda hupasha moto shingo ya ganda ili kuilegeza, kabla baruti haijatiwa. Rangi ya kahawia au ya samawati ionekanayo shingoni mwa risasi nyingi za kijeshi ni alama ya moto huo, wala si dalili ya uchakavu.

Ikiwa uzee hauna hatia, basi nyufa zilizoonekana katika maganda ya zamani zilitoka wapi? Jibu lilipatikana kutokana na yaliyolisibu jeshi la Waingereza nchini India katika karne ya 19. Risasi zilihifadhiwa katika mazizi ya farasi wakati wa masika, na mvua zilipokwisha, maganda yalikutwa yamepasuka bila ya kufyatuliwa. Kwa kuwa balaa hilo lilifuata majira ya mvua, likaitwa nyufa za msimu. Mwaka 1921 wataalamu watatu, Moore, Beckinsale na Mallinson, walitoa maelezo yake: mkojo wa farasi ulitoa hewa ya amonia, nayo amonia, ikisaidiwa na unyevu, iliishambulia shaba mahali palipokuwa na mkazo.

Mambo matatu, basi, sharti yakutane: mkazo ndani ya shaba, amonia, na unyevu hewani. Likiondolewa moja, ufa haupati nafasi. La kwanza ni kazi ya kiwanda. Mawili yaliyosalia yamo mikononi mwa mtunza ghala.

Mfano wa mazingira yanayodai uangalifu huo ni Luzira, mtaa wa Kampala ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria, karibu na bandari ya Port Bell. Hapo lipo gereza kuu lenye ulinzi mkali, na hapo hufunzwa askari wa Magereza. Upepo wa ziwa huleta unyevu, na mvua hunyesha kwa misimu miwili, wa Machi hadi Mei na wa Septemba hadi Novemba. Unyevu wa namna hiyo hauwezi kuzuiwa usiwepo. Amonia ndiyo inayoweza kukatazwa mlangoni.

Siku hizi farasi ni wachache, lakini amonia haikuondoka pamoja nao. Imo katika banda la kuku lililojengwa nyuma ya ghala, katika zizi la mbuzi, katika choo cha shimo kilicho karibu na dirisha, katika kinyesi cha popo darini, na katika magunia ya mbolea yaliyowekwa humo kwa kukosa nafasi kwingine. Imo pia katika baadhi ya dawa za kung'arishia vifungo na mikanda ya gwaride. Askari anayejivunia unadhifu asidhani kwamba anaitendea hisani risasi yake anapoing'arisha kwa dawa hiyo. Kitambaa kikavu kinatosha.

Mtunza ghala mwangalifu huyainua makasha juu ya mbao yasiguse sakafu, huziba matundu ya paa, na hulifunga vizuri kila sanduku lililofunguliwa. Akaguapo, hutazama shingo na mabega ya ganda, ambako nyufa za urefu hutangulia kuonekana. Risasi yenye ufa hutengwa na kukabidhiwa kwa mafundi wa silaha; haijaribiwi, haipashwi moto, wala hairudishwi kashani kwa kuogopa hesabu kupungua.

Ni kweli kwamba shaba si kila kitu. Maganda ya chuma, yatumikayo katika risasi nyingi za bunduki aina ya AK, adui yake ni kutu. Baruti nayo huharibika kwa joto, hata ganda likiwa zima. Milipuko ya maghala ya jeshi huko Mbagala mwezi Aprili 2009, na Gongo la Mboto mwezi Februari 2011, jijini Dar es Salaam, haikuwa habari ya nyufa za shaba. Lakini iliwaua raia na kuwafukuza maelfu katika makazi yao, ikaonyesha kwamba ghala la silaha haliwahusu askari peke yao.

Ufa wa ukuta huzibwa. Ufa wa ganda la risasi hauzibiki, huzuiliwa tu. Mwaka uliopigwa chapa kitakoni hueleza siku risasi ilipozaliwa. Jinsi ilivyolelewa tangu siku hiyo huelezwa na hali ya ghala, na hilo ndilo aliulize kwanza askari anayekabidhiwa risasi.