Binti Watano na Fungu Lao

Somo letu leo ni Hesabu sura ya 27, habari za binti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa jangwani, wala hakuwa na mwana wa kiume. Nchi ilikuwa karibu kugawanywa, nao wangeachwa nje. Wakasimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa na mkutano wote, wakadai fungu lao.

Musa hakuwafukuza, wala hakuwaambia kwamba desturi ndiyo hiyo. Alilipeleka shauri lao mbele za Mungu, na Mungu akayakubali madai yao. Jibu hilo likawa sheria kwa Israeli yote.

Ni kweli, sheria ile iliwapa binti urithi pale tu ambapo hapakuwa na mwana wa kiume. Lakini sisi tu watu wa Kristo, ambaye ndani yake, kama Paulo alivyowafundisha Wagalatia, mume na mke ni mmoja.

Hapa kwetu Kenya njia imekuwa ndefu. Sheria ya Urithi ilitungwa mwaka 1972, ikaanza kutumika mwaka 1981, nayo haikumtenga mtoto wa kike. Lakini Katiba ya zamani, ijapokuwa ilikataza ubaguzi, iliacha nje mambo ya ndoa na urithi. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilikataa kwamba binti wapewe sehemu ndogo kwa kuwa huenda wakaolewa. Kisha Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, ikawapa wanawake na wanaume haki sawa.

Hata hivyo, sheria hukaa kitabuni. Shamba hugawanywa nyumbani. Baba akiisha kuzikwa, wazee huketi, nasi wa kanisa huitwa tufungue kwa sala. Dada zetu wako jikoni wakiwapikia wazee chai. Twasema, "Hawa wataolewa." Je, yule asiyeolewa, au aliyerudi na watoto wake, aende wapi? Tukinyamaza hapo, sala yetu imefungua mlango wa dhuluma.

Basi, tukiitwa tena, tuulize kwanza: binti wa nyumba hii wako wapi? Waitwe, waketi, waseme.

Tuombe. Ee Baba, uliyesikia binti za Selofehadi, tupe masikio kama ya Musa, na ujasiri wa kunena mbele ya jamaa zetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.