KAZI KAMA TIBA: MWANACHAMA ANAPORUDI KUTOKA HOSPITALI

(Mazungumzo mbele ya makatibu wa vyama vya msingi)



Mwanachama akivunjika mguu, chama humngoja. Akiugua akili, jina lake hufutwa midomoni mwa watu kabla halijafutwa daftarini. Akirudi nyumbani huambiwa, kwa huruma isiyo na busara, "Wewe pumzika tu." Basi hukaa barazani tangu asubuhi hata jioni, na kidogo kidogo hupoteza alichokipata hospitalini.

Hospitalini alikuwa na wataalamu wa tiba kwa njia ya kazi, kama wale wanaofunzwa KCMC, Moshi. Neno kazi hapa lisidhaniwe kuwa ni jembe peke yake. Kuoga, kufua, kwenda sokoni na kuhesabu chenji, zote ni kazi. Mtaalamu humpa mgonjwa sufuria, maji na majani apike chai, kisha humtazama. Je, anakumbuka kipi hutangulia? Anaishia wapi? Anachoka lini? Leo atafanya hatua mbili, juma lijalo nne. Dawa huweza kutuliza sauti na hofu, lakini hamu ya kutenda na mpango wa siku huenda visirudi kwa dawa pekee. Wala kazi haishiki nafasi ya dawa. Anayemwachisha mgonjwa dawa kwa kuwa sasa analima amemkosea sana.

Jambo hili si geni Afrika. Mwaka 1954, huko Aro, karibu na Abeokuta, Nijeria, Dakt. Thomas Adeoye Lambo alianza kuwaweka wagonjwa katika vijiji vya jirani na hospitali, kila mmoja pamoja na jamaa yake. Walipata matibabu, na wakalima pamoja na wenyeji. Tanzania nayo baadaye ilikuwa na vijiji vya kilimo vya wagonjwa waliokuwa wakipata nafuu.

Lakini kumbebesha mtu magunia bila ujira, kwa kisingizio kwamba yanamponya, ni unyonyaji mtupu.

Sasa masharti. Katika vyama kadhaa kipo kifungu kinachokomesha uanachama kwa sababu ya maradhi ya akili yaliyothibitishwa na daktari. Makatibu wakisome vizuri: kinasema daktari, hakisemi majirani. Na aliyepata nafuu ana haki ya kuomba arejeshwe, ombi lake lijadiliwe na kamati kama maombi mengine.

Katibu na amwulize mwanachama mwenyewe anaweza nini, na kwa idhini yake aulize kliniki pia. Aanze kwa saa moja siku ya kupima mazao, akihesabu magunia pamoja na mwenzake. Siku ya kliniki aachiwe aende. Stakabadhi iandikwe kwa jina lake, na fedha akabidhiwe yeye mkononi, si ndugu aliyezoea kumpokelea alipokuwa amelazwa, isipokuwa mwenyewe ametaka hivyo na ametia sahihi.