Umeisikia kwa nani?

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa vyuo wa Meru na Embu kabla ya futari)

Ndugu zangu vijana, adhana iko karibu na najua tende zinawaita, kwa hivyo nitakuwa mfupi.

Kijana wetu mmoja aliniletea utafiti wake wa chuo. Ameandika kwamba Wameru walitoroka Mbwaa, na kwamba Nguo Ntune, wale watu wa nguo nyekundu waliowatumikisha huko, walikuwa Waarabu Waislamu. Chini ameweka marejeo matano. Nikamwuliza, "Umeyasoma?" Kumbe amekopi tu kwenye intaneti! Tulipofuatilia, manne yalikuwa yanamnukuu mtu mmoja, Jeffrey Fadiman. Basi hao si mashahidi watano, ni wawili.

Tukatafuta kitabu chenyewe cha Fadiman cha 1993. Huyu ni Mmarekani aliyewahoji wazee wa Kimeru, vizazi vingi baada ya safari hiyo. Simulizi la Mbwaa ni la wazee. Lakini kusema Mbwaa ni kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, hiyo ni hoja yake yeye. Mambo mawili haya usiyachanganye.

Sasa, jambo hili linatuchoma. Mmeru Mwislamu anaweza kuambiwa darasani eti dini yake ndiyo iliwatumikisha babu zake. Kijana akataka kuifuta habari yote. Nikamwambia la! Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamuru tuhakikishe habari. Haikusema zile za kutuudhi peke yake, hata zinazotufurahisha.

Maimamu Bukhari na Muslim walichunguza sanad, nani kapokea kwa nani. Nanyi ulizeni hivyo hivyo. Bernardi, aliyeandika juu ya Mugwe mwaka 1959, alikuwa padri wa Consolata. Lambert wa 1956 alipata kuwa DC Meru. Msiwatupe, ila jueni kila mmoja alikuwa na sikio lake. Ndugu wa Embu, Mwaniki alichapisha maneno ya wazee wenu mwaka 1974, anzeni hapo. Na nauli ikipatikana, ripoti za maDC ziko Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. (DC naye alikuwa akimwandikia mkubwa wake!)

Kijana ameandika upya: wazee walisema hivi, Fadiman anakisia vile. Mwalimu akamwuliza ni ukurasa gani. Safari hii alikuwa nao.

Wabillahi tawfiq.