Mikutano ya Serikali na Kumbukumbu Zake: Hotuba ya Karani wa Chama



Tumeagizwa na halmashauri yenu tuseme juu ya jambo ambalo wengi hudhani si lao, nalo ni mikutano ya serikali na kumbukumbu zake. Twaomba subira yenu, kwani lawahusu hasa wenye mashamba, na wenye vibanda vya soko hapa Nyeri, Karatina na Othaya.

Wazee wetu mwakumbuka, au mlisimuliwa na baba zenu, jinsi mashamba yalivyounganishwa siku za Hali ya Hatari. Kamati ziliketi, mipaka ikapimwa, majina yakatiwa daftarini, hali wengi wa wenye mashamba wamo katika kambi za kizuizini. Sheria ya mwaka 1957 ikasimamisha kesi za ardhi, na ile ya 1959 ikaufanya uandikishaji kuwa wa mwisho. Mtu alirudi kwao akakuta neno limekwisha. Aliyekuwako kamatini alikuwa na la kusema, asiyekuwako aliandikiwa.

Tena Waingereza, walipokuwa wakiondoka, walichukua majalada mengi. Ni katika mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa wameishtaki serikali ya Uingereza huko London, ndipo ilipokiri kuwa majalada yapatayo 1,500 ya Kenya yamewekwa Hanslope Park. Maandishi hayo yaliunga mkono maneno ya wazee, yaliyokuwa yakitiwa shaka miaka mingi. Mwaka 2013 serikali hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228.

Leo mambo ni mengine, angalau katika sheria. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 196 chaliamuru Bunge la Kaunti na kamati zake kuketi hadharani. Spika hawezi kuwafungia watu nje ila kwa sababu ya pekee iliyo ya haki. Hatutaki kuwadanganya: bodi na kamati nyingine za serikali zaweza kuketi faragha. Lakini hata kumbukumbu za vikao hivyo raia aweza kuziomba, kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, isipokuwa zile ambazo sheria yenyewe imezikinga, kama zinazohusu usalama wa nchi au siri za mtu binafsi.

Ombi huandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Asiyejua kuandika, afisa wa habari hana budi kumwandikia na kumpa nakala. Haki yako haipungui kwa sababu unayoitoa. Kuomba hakuna ada, ila gharama ya kunakili tu. Jibu litoke katika siku 21. Likihusu uhai au uhuru wa mtu, katika saa 48. Afisa aweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 14. Akinyamaza, sheria yahesabu kuwa amekataa, nawe waweza kupeleka shauri kwa Tume ya Haki ya Kiutawala katika siku 30.

Sisi makarani twajua kwamba barua isiyo na nakala ni kama haikuandikwa. Basi pelekeni barua mbili, moja ibaki ofisini, na ya pili irudi nanyi ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila tarehe hiyo, siku 21 zahesabiwa tangu lini?

Mwaka huu ofisi moja, ambayo hatutaitaja, ilitujibu kwa mdomo kuwa kumbukumbu za mkutano uliozungumzia ada za vibanda ni siri. Hatukugombana nayo. Tuliomba jibu hilo hilo kwa maandishi, tukapigiwa muhuri. Tunapoisoma hotuba hii siku zile hazijaisha.

Wenye vibanda waliokwisha kulipa ada hizo twawaomba wamletee katibu risiti zao kabla ya mkutano ujao wa halmashauri, ili zilinganishwe na Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo tayari tunayo nakala yake.