Vidole Kwanza, Picha Baadaye
Mazungumzo kwa wakazi kuhusu mwanafunzi katika kliniki ya mifupa



Mwanafunzi wa KMTC, chuo kilichoanza mwaka 1927 na chenye tawi hapa Nyeri, anapoingia kliniki ya mifupa kwa mara ya kwanza hukimbilia picha ya eksrei. Picha inavutia: ufa unaonekana, vipande vinaonekana. Lakini daktari anayemfuata haanzi hapo. Humwinamia mgonjwa na kushika vidole vyake.

“Cucu, hebu visogeze. Unasikia nikikugusa?”

Kisha hubonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, akautazama ukirudisha rangi. Ndipo achukue picha.

Mwanafunzi hudhani hayo ni maamkizi tu. Siku si nyingi huelewa. Kwenye benchi kuna mchuma chai aliyeteleza matopeni akajikinga kwa mkono, mtoto aliyeanguka kutoka mparachichi, na kijana wa bodaboda ambaye mguu wake ulifungwa vibao kwa kamba njiani, tena kwa nguvu, na watu wenye nia njema. Kiungo kilichovunjika huvimba, na kwa kawaida uvimbe huongezeka katika siku mbili tatu za mwanzo. Plasta haitanuki, wala kamba. Uvimbe ukikosa nafasi hubana mishipa, na misuli isiyopata damu huanza kufa katika muda wa saa chache. Mifupa mingi iliyovunjika inaweza kungoja hadi kesho. Misuli haiwezi. Kuna watu hupoteza mkono ambao mfupa wake ungepona wenyewe.

Kukandwa nako huzidisha uvimbe na kusogeza vipande. Hilo huwaudhi baadhi ya wazee, lakini ni lazima lisemwe.

Kwa hiyo, kabla mgonjwa hajaenda nyumbani, mwanafunzi hutakiwa amweleze mambo haya kwa lugha anayoielewa, naye ayarudie: maumivu yanayozidi hata baada ya kumeza dawa, vidole kufa ganzi, kuwa baridi, kubadilika rangi, au kushindwa kusogea. Akiona hata moja, arudi hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na tarehe ya kliniki iko wiki ijayo. Wengi hufikiria nauli, au huona aibu kurudi siku waliyotoka. Kupasua plasta huchukua dakika chache, na nyingine itafungwa baadaye.

Mtoto mdogo hawezi kueleza ganzi. Akilia bila kunyamaza huku mkono uko ndani ya plasta, mama asiseme ni deko.

Jioni, daktari akishaenda wodini, mwanafunzi hubaki na waliofungwa plasta siku hiyo wakingoja matatu za Karatina na Othaya. Hupita tena kwenye benchi, mmoja baada ya mwingine, akibonyeza kucha.