PDF Bila Kutoa Hata Senti

Anayeomba kazi serikalini Tanzania kupitia Ajira Portal analijua sharti: vyeti vipakiwe katika muundo wa PDF. Wengi hukimbilia steshenari na kulipia kazi ambayo simu iliyo mfukoni ingeifanya bure.

Muundo huu ulitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa. Ndiyo maana programu nyingi huutengeneza bila malipo.

Kwa barua iliyochapwa, LibreOffice, programu ya bure, ina kitufe cha PDF juu kabisa ya ukurasa. Google Docs nayo hupakua waraka kwa muundo huohuo. Kwenye Windows 10 na 11 njia ni fupi zaidi: mtu anabonyeza Ctrl na P kwa pamoja, kisha penye orodha ya printa anachagua Microsoft Print to PDF. Karatasi haitoki, linatoka faili.

Na cheti cha karatasi je? Google Drive kwenye simu za Android hutumia kamera kuskani, hukata kingo na kuunganisha kurasa kadhaa ziwe faili moja. Wenye iPhone wanayo huduma hiyo ndani ya Notes. Mwanga uwe wa kutosha, na kivuli cha mkono kisiangukie muhuri.

Zipo pia tovuti za kubadilisha faili bure. Kwa ratiba ya harusi, hazina neno. Kitambulisho cha taifa cha NIDA au taarifa ya benki ni habari nyingine, maana faili hupitia kwenye kompyuta za watu usiowajua. Hizo, msikilizaji, zigeuze kwenye kifaa chako mwenyewe.