Krimu ya Mwarobaini: Kutoka Mtini Hadi Ngozini



Mwarobaini ulipewa jina hilo kwa kusadikiwa kuwa hutibu maradhi arobaini. Heshima ya mti huo hatuipingi. Tunalotaka kueleza ni kwamba ubora wa jani si ubora wa krimu, kwani kati ya mti na kopo zimo hatua nyingi.

Mtengenezaji makini huchuma majani yasiyopulizwa dawa ya wadudu, huyaosha, huyaanika kivulini hadi yakauke, kisha huyaloweka katika mafuta na kuyachuja. Mafuta hayo na maji safi hupashwa moto mbalimbali hadi nyuzi joto 70 hivi, ndipo huunganishwa kwa nta maalumu na kukorogwa mpaka vipoe.

Hapo ndipo penye hatari. Palipo na maji, bakteria na kuvu huota. Krimu isiyo na kihifadhi yaweza kunukia vizuri ilhali imejaa vijidudu, na ikipakwa kwenye mchubuko wa mtoto, vijidudu hivyo hupata mlango. Basi maneno "haina kemikali" yasikupumbaze. Muulize muuzaji ni kitu gani kinachoihifadhi.

Aidha, zipo krimu zinazoitwa za mitishamba, kumbe zimetiwa zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Zebaki hudhuru figo; steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba. Ukiona ngozi imekuwa nyeupe kwa siku chache, usiusifu mwarobaini: acha kuipaka, uende kituo cha afya ukiwa na kopo lake.

Kabla ya kununua, soma lebo. Itaje viambato vyote, uzito, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, pamoja na anwani ya mtengenezaji. Krimu inayodai kutibu ukurutu imekwisha kuvuka mpaka wa vipodozi na kuingia katika dawa, nayo yapasa kusajiliwa hivyo. Kisha jaribu kiasi kidogo ndani ya mkono, usubiri saa 24 hadi 48. Ikiwasha, iache.

Nanyi watengenezaji, pelekeni krimu maabara kabla ya kuipeleka sokoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka kuaminiwa na wanunuzi hana budi kukubali kupimwa.